Kundi la Samaki Ndani ya Kioo: Ni Wepi Wanaoweza Kukaa Pamoja?

Alhamdulillahi, wiki hii tunapenda kuzungumza na familia zetu juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni pambo la sebuleni tu, nalo ni kufuga samaki wa baharini katika tangi la kioo. Tumeanza kuyaona matangi haya katika nyumba za jamaa zetu hapa mwambao, na watoto huyapenda mno. Wengi huvutiwa zaidi na samaki wanaokwenda kwa makundi, kwani kundi moja linapogeuka kwa pamoja kwenye mwanga huburudisha macho kuliko samaki kumi wa aina kumi. Makundi hayo ndiyo tunayokusudia kuyazungumzia, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea, na kosa letu likamgusa mtoto yatima.

Samaki saba

Miaka mitatu iliyopita mkwe wetu alitangulia mbele ya haki. Binti yetu alibaki na watoto wawili katika nyumba ya marehemu mumewe, akikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, na mama yake akahamia huko ili awe naye. Nyumba ilikuwa kimya mno. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 11, na mdogo, msichana, alikuwa na miaka 6. Mjomba wao, kwa huruma yake, akaleta tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, ujazo wake haupiti lita 65, na siku ile ile akatia ndani samaki saba wadogo wa rangi ya kijani inayoelekea samawati, waitwao kromisi. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba hao ni samaki wa kundi na hawana ugomvi na yeyote.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Mjukuu wetu alikuwa akiwahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni. Siku ya kumi akahesabu sita. Wiki iliyofuata wakawa watano, kisha wanne. Mama yake alianza kuamka mapema ili aondoe mzoga kabla mtoto hajauona, lakini hesabu haifichiki. Jioni moja, tulipofika baada ya sala ya Alasiri, mtoto alituuliza: "Babu, mbona wanakufa mmoja mmoja? Siku zao zimefika kama za Baba?"

Tulimjibu kama tulivyozoea kuwajibu wafiwa, kwamba kila kiumbe ana ajali yake, nayo ikifika hairudi nyuma. Jibu lilikuwa la kweli, ila halikuwa ukweli wote. Aliyeuona ukweli uliobaki alikuwa ni binti yetu, ambaye kwa sababu ya eda alikuwa na muda mrefu wa kukaa mbele ya kioo kile. Alituita kando akasema: "Baba, hawa hawafi kwa maradhi. Tazama mapezi yao yalivyoraruka. Huyu mkubwa hamwachi mwenzake ale. Akimmaliza mmoja, humwandama mwingine."

Bahari na kioo ni mambo mawili

Tulikwenda kumuuliza mzee mmoja wa pwani ya kusini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipiga mbizi na kuwakamata samaki wa mapambo kwa wavu wa mkono, samaki ambao husafirishwa kutoka Kenya kwenda nchi za nje. Alisikiliza, kisha akatuambia: "Shekhe wangu, sisi huwaona hawa huko chini, mamia kwa mamia juu ya tumbawe moja lenye matawi. Chewa akipita, wote huzama ndani ya matawi kama mtu mmoja. Kinachowakusanya ni hofu. Ukiwatia mahali pasipo na adui wala pa kukimbilia, kila mmoja humgeukia mwenzake."

Hapo ndipo tulipofahamu. Ndani ya kundi la kromisi mna vyeo, na aliye juu humsukuma aliye chini. Katika bahari, anayesukumwa husogea mita chache na shari huisha. Katika tangi la sentimita 60 hana pa kusogea. Hupigwa usiku na mchana, hukosa chakula, hudhoofika, hufa, na anayefuata katika ngazi ndiye huwa mnyonge mpya. Watu hununua saba, na baada ya miezi wakajikuta wamebakiwa na wawili au mmoja, wakidhani nyumba yao haina bahati na samaki.

Basi neno "samaki wa kundi" linaeleza hali ya samaki akiwa baharini, wala si dhamana ya amani ndani ya nyumba. Mfano ulio wazi zaidi ni kangaja wa samawati mwenye pezi la manjano mgongoni. Katika miamba ya Bahari ya Hindi anaweza kuonekana akila mwani pamoja na wengi wa jinsi yake, lakini wawili wakiwekwa katika tangi moja la nyumbani hupigana vikali. Tena hukua hadi kufikia sentimita 20 na zaidi, hutaka nafasi kubwa ya kuogelea, na ni mwepesi wa kushikwa na ugonjwa wa vidoa vyeupe, ambao huenea kwa tangi zima. Uzuri wake usimdanganye anayeanza.

Kabla ya samaki, maji

Kosa letu la pili lilikuwa haraka. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huunguza matamvua yao. Baharini amonia hupotea katika wingi wa maji, ama katika tangi ni lazima wapatikane bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara machache na inayopunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hukua juu ya mawe na ndani ya chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Mwenye kutia samaki siku ya kwanza anawaweka ndani ya sumu watakayoitengeneza wenyewe. Vipo vifaa rahisi vya kupimia, na samaki wasitiwe mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri.

Chumvi ya bahari ni takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji, na joto linalowafaa samaki hawa ni baina ya nyuzi 24 na 27. Katika msimu wa kaskazi nyumba zetu hupita kiwango hicho. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji husaidia kuyapoza, lakini maji hupungua kwa kuwa mvuke na chumvi hubaki, kwa hiyo kinachopungua hujaziwa maji matamu yasiyo na klorini, si maji ya bahari. Anayechota maji ya bahari ayachote wakati yamejaa, mahali palipo wazi, mbali na midomo ya mito na mifereji ya maji machafu, wala asichote baada ya mvua kubwa za masika.

Mama zetu na dada zetu wazingatie jambo jingine. Dawa za kupuliza za kuua mbu na mende ni hatari kubwa kwa samaki, hata kidogo kinachotua juu ya maji. Mkono wenye mafuta, manukato au sabuni usiingie ndani ya tangi. Na kwa kuwa umeme hukatika, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwe tayari, maana tangi lililojaa samaki likikosa mwendo wa maji hewa hupungua upesi.

Mizani mitatu ya kuchagua

Yule mzee alitufundisha kupima kwa mizani mitatu: mdomo, nafasi na tabia.

Mizani ya kwanza ni mdomo. Samaki anayeweza kummeza mwenzake siku moja atammeza. Chewa mdogo anayependeza leo atakuwa mkubwa kesho. Yule samaki-simba mwenye miiba mirefu kama manyoya huonekana mpole akielea, kumbe humeza kundi zima la samaki wadogo mmoja baada ya mmoja, na miiba yake ina sumu. Kadhalika wapo kambare wa baharini wenye mistari, ambao wakiwa wachanga hujikusanya kama mpira mmoja, na mwenye kuwaona hutamani kuwachukua. Hao nao wana miiba yenye sumu kali, na hukua hadi sentimita 30. Nyumba yenye watoto wanaopenda kutia mikono majini iwaepuke.

Mizani ya pili ni nafasi. Tusipime tangi kwa urefu wa samaki alivyo dukani, bali kwa urefu atakaoufikia. Kwa kundi dogo la samaki wasiozidi sentimita 8 au 10, tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45 ni mwanzo mwema. Hilo huchukua karibu lita 240, yaani uzito wa kilo 240 na zaidi kabla ya mawe na kioo chenyewe, kwa hiyo liwekwe juu ya meza ya chuma iliyo imara. Mawe yapangwe yawe na mapango mengi, ili anayefukuzwa apate mahali pa kutoonekana.

Mizani ya tatu ni tabia, na hapa kila aina ina habari yake.

Kromisi wa kijani wanafaa katika tangi refu tu, wakiwa wadogo, wenye ukubwa mmoja, na wakatiwa wote siku moja. Hata hivyo mwenye nyumba ajue kwamba huenda wakapungua.

Anthiasi wa rangi ya chungwa, ambao wapo pia katika matumbawe yetu, ni kundi lenye dume mmoja na majike kadhaa. Mwenyezi Mungu amewaumba kwa namna ya ajabu, kwani wote huanza wakiwa majike, na dume akitoweka, jike lenye nguvu zaidi hugeuka kuwa dume ndani ya wiki chache. Kwa hiyo usinunue madume wawili kwa tangi la nyumbani. Nunua dume mmoja na majike wanne au zaidi, au majike wachanga watupu, nao watajipangia mkubwa wao. Sharti lao ni chakula. Hula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na nyumba ambayo watu wote hutoka asubuhi na kurudi jioni haitawatosheleza.

Kadinali ni samaki watulivu wenye macho makubwa, ambao mchana husimama karibu na mawe na usiku hutoka kutafuta riziki. Hutosheka kwa kulishwa mara moja au mbili kwa siku. Baadhi yao wakishapata mwenza huwafukuza wengine, hivyo kundi lao lihitaji jicho la mtazamaji. Yuko mmoja maarufu, mweusi na mweupe, wa visiwa vya Banggai huko Indonesia. Huyo amevunwa hadi akahesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, na asinunuliwe ila aliyezalishwa katika matangi.

Yule mdogo mweusi mwenye madoa matatu meupe, ambaye utotoni huishi kwa makundi, akikua huwa mkali na hulinda pembe yake dhidi ya kila anayekaribia. Asichanganywe na wapole. Ukitaka kuchanganya aina mbili, tanguliza walio wapole, wapate kuyazoea mawe na mapango yao, na mwenye ukali aingie mwisho. Anayetangulia huona nyumba yote ni yake.

Kabla ya hayo yote, samaki mpya akae katika chombo cha pekee kwa takriban wiki nne, atazamwe kama ana vidoa, kama anapumua haraka, kama anakula. Dukani pia, usikubali kufungiwa samaki ambaye hukumwona akila. Na ulize ametoka wapi. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama za Malindi, Watamu na Kisite, haijuzu kisheria kuvua wala kukusanya kiumbe chochote, na mkusanyaji wa samaki wa mapambo anatakiwa awe na kibali.

Amana ya kilichofungiwa

Baadhi ya wasomaji watauliza hukumu ya kufuga. Wanazuoni wametaja kisa cha Abu Umayr, mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik, ambaye alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) alimjua nacho wala hakumkataza, wakachukua humo ruhusa ya kufuga kwa sharti la kulisha na kutoudhi. Upande wa pili kipo kisa, katika Bukhari na Muslim, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Samaki ndani ya kioo yuko katika hali ya paka yule. Hawezi kumkimbia mbabe, hawezi kuhama maji yaliyochafuka, hawezi kujitafutia. Kila mlango wa riziki na usalama wake umefungwa isipokuwa mkono wetu.

Tuogope pia israfu. Asiyeweza gharama ya tangi kubwa, chujio na umeme, wala hana muda, hakulazimika. Aende na watoto wake ufukweni maji yakipwa, awaonyeshe viumbe katika vidimbwi vya miamba, kisha waviache mahali pao.

Na anayechoka kufuga asiwamwage samaki baharini, kwani huweza kupeleka maradhi, au kuingiza wageni mahali pasipo pao. Samaki-simba wa bahari zetu alionekana katika pwani ya Florida, Marekani, mwaka 1985, na sababu inayotajwa zaidi ni wafugaji kuwaachia. Leo ameenea Karibiani nzima akiwamaliza samaki wa huko. Ampe mfugaji mwingine mwenye nafasi.

Tulivyorudi kwa mtoto

Kromisi wawili waliosalia tuliwapa mtu mwenye tangi kubwa. Mjomba mtu akapata tangi la sentimita 120 lililokwisha kutumiwa, kwa bei nafuu, tukalijaza maji na mawe, na kwa wiki sita halikuwa na samaki hata mmoja. Watoto walilalamika. Binti yetu ndiye aliyekuwa akipima maji na kuandika katika daftari, na eda yake ilimalizika tangi likiwa bado tupu.

Ama sisi, lilibaki deni moja. Tulikaa na yule mjukuu tukamwambia kwamba siku ile hatukumjibu sawasawa. Baba yake alikufa kwa maradhi ambayo madaktari na jamaa walijitahidi kuyatibu hadi mwisho, na hapo tulisalimu amri ya Mola. Samaki wale nao walikufa kwa kudra Yake, lakini sisi tuliwafungia mahali padogo, katika maji ambayo hayakuwa tayari, pamoja na mwenzao aliyewapiga, nasi hatukuuliza kabla ya kufanya. Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba alielekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tulitegemea bila kufunga. Mtoto akafikiri, akauliza: "Kwa hivyo Baba hatukumkosea?" Tukamwambia hapana, hamkumkosea. Hatukujua mpaka saa ile kwamba jambo hilo lilikuwa moyoni mwake muda wote.

Tulinunua kadinali watano wadogo, wa ukubwa mmoja, kutoka kwa mkusanyaji mwenye kibali, tukawatia siku moja. Baada ya miezi kadhaa mmoja wao aliacha kula, na taya lake likavimba. Binti yetu alidhani ni maradhi, akatupigia simu. Yule mzee akacheka akasema ni dume, amebeba mayai mdomoni, na hatakula mpaka yaanguliwe. Mjukuu wetu akawatangazia wenzake chuoni kwamba samaki wake amefunga. Makinda yalikuwa madogo mno na hayakuishi, maana kioo si bahari, na hilo nalo tulimweleza kama lilivyo.

Asubuhi angali akihesabu. Mpaka tunaandika haya, ni watano.

Wallahu aalam.